Tetere Kwenye Rimu

Mume wangu hajui kukaa. Simsengenyi, namweleza alivyo. Chakula anakila amesimama, sahani kiganjani. Tukialikwa mahali, hata soda haijafunguliwa, yeye ameshaanza kupapasa mifuko akitafuta funguo, kisha ananikonyeza na kusema, "Twende." Mtaani wakambandika jina hilo hilo, Twende, na siku hizi hata wateja wanamwita hivyo mbele yake, naye anaitika.

Na mtu huyo kazi yake ni kutengeneza viti. Cheka tu, mimi nilishacheka miaka mingi. Ni fundi wa kuvisha viti vya magari, na karakana yake iko upande wa mbele wa nyumba yetu: cherehani nzito ya kushonea ngozi, marobota ya vitambaa, sponji lililopangwa hadi darini, na harufu ya gundi inayotufuata mpaka chumbani. Anashona mshono mmoja, anatoka kuchungulia barabara, anarudi, anashona mwingine. Viti vinatoka vizuri, sijui vipi.

Mimi natangaza mabasi kwenye kituo kikuu. Nakaa ndani ya kibanda cha vioo na kipaza sauti, nawaambia watu basi gani linaondoka mlango gani, na wasisahau mizigo yao. Sauti yangu inajulikana mjini kuliko sura yangu. Nikiuliza bei ya nyanya sokoni, kuna watu hushika mabegi wakageuka kutafuta basi.

Sauti hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye mbio. Kiangazi kikiingia, siku za Jumapili, watu wazima wenye akili zao hukusanyika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto kushindana kwa magari mabovu. Hakuna bingwa pale, wala anayelipwa. Yuko daktari wa meno, yuko muuza mbao, yuko mwalimu mkuu mmoja ambaye wanafunzi wake wakimwona na ile kofia kichwani hawatamwogopa tena. Magari yanaachiwa moja moja, yanazunguka njia ya vumbi inayopanda na kushuka machimboni, na anayetumia muda mfupi ndiye mshindi. Pembeni ya kila dereva anakaa msomaji. Jumamosi wawili hao wanaipita njia yote polepole, msomaji akiandika kila kona na kila shimo, na Jumapili anamsomea dereva kabla hajafika: kulia kali, kilima kifupi, usiguse breki, kushoto ndefu.

Mume wangu naye ana gari lake bovu pale, akasema hakuna mtu mwingine atakayesikika juu ya ile injini ila mimi. Akanitengenezea kiti kwa vipimo vya mgongo wangu, akakifunga pembeni ya chake. Nimekalia viti vingi maishani, na hakuna kinachonijua kama kile. Nilikubali kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine ambayo sijawahi kumwambia: ndani ya lile gari ndipo mahali pekee tulipokaa pamoja, mimi na yeye, bila yeye kuniambia twende. Tulikuwa tayari tunakwenda.

Mwaka huu msimu ulipoanza, tetere wawili walikuja uani kwetu. Ukutani, juu ya mapipa ya maji, kulikuwa na rimu ya gurudumu imetundikwa kwenye msumari mkubwa, rimu ya akiba ya lile gari. Wakaichagua. Tetere si wajenzi wa kusifiwa. Walileta vijiti vichache, wakavitupa ndani ya rimu kama mtu anayeweka kuni, wakaona nyumba imekwisha. Mmoja akakaa.

"Rimu ile naihitaji Jumapili," mume wangu alisema.

"Ina watu, Baba," binti yetu akajibu.

Huyu binti tunamwita Mkaguzi, kwa sababu hata chumvi ikipungua koponi lazima aulize nani katumia. Alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, akamtazama baba yake mpaka baba mtu akaenda kuazima rimu kwa muuza mbao. Tangu siku hiyo kukawa na desturi. Mimi nilikuwa nimempiga marufuku Mkaguzi kupanda juu ya mapipa, basi kila jioni baba yake alipanda kwa niaba yake. Alisogeza uso karibu na rimu, akakaa kimya, akashuka na kutoa ripoti. Yupo. Amelala. Ananitazama. Lilikuwa jambo pekee ambalo Twende alilifanya polepole, nami jikoni nilikuwa nasimama dirishani kumwangalia, moyo umelainika.

Mengine yote yalizidi kwenda mbio. Asubuhi, kabla hajaenda shule, Mkaguzi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano zote za baba yake na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, maana fundi hana muda, fundi ana haraka. Mjini aliacha kabisa kuendesha, akasema foleni inamtia wazimu. Akawa anapita mlangoni kwa kugusa fremu. Akizungumza na mtu anainamisha kichwa na kumtazama kwa pembe ya jicho, mpaka daktari wa meno akaniuliza kama mume wangu ana kinyongo naye. Nikamwambia mume wangu hana kinyongo, ana wadudu miguuni, hatulii.

Na kule machimboni akanigeuza mtumwa. "Soma tena," alikuwa anasema. "Usiache kitu." Zamani nilimsomea kona na vilima, basi. Sasa alitaka hadi kisiki, hadi lile jiwe jeupe, hadi mahali njia inapobadilika rangi. Nilisoma bila kumeza mate. Jumatatu nilitangaza mabasi kwa sauti iliyokwaruza, abiria wakalalamika kwamba kipaza sauti kimeharibika. Lakini mtu angesema nini? Tulikuwa hatujawahi kukimbia vile. Tulianza msimu tukiwa watu wa kuchekwa, na kufikia Jumapili ya mwisho tulikuwa tumebakiza mtu mmoja tu mbele yetu, yule daktari wa meno. Tukimshinda, kikombe cha msimu ni chetu.

Kikombe chenyewe ni cha bati, kina kutu mpini. Mume wangu alikuwa haongei jambo jingine.

Asubuhi ya Jumapili hiyo alizunguka nyumba tangu alipoamka. Alipanda mapipa, akashuka, akatoka mbele kumsaidia shemeji yangu, mdogo wake, ambaye ndiye makanika wa gari letu. Nikawasikia wanapakia matairi kwenye pikapu, mume wangu akiimba kwa pua. Nilikuwa uani naanua nguo Mkaguzi aliponivuta mkono.

"Mama, Baba ni mgonjwa?"

"Mgonjwa gani anayeimba hivyo? Kalete maji ya kunywa, tunachelewa."

"Anaongea na mto," akasema.

Nikamwambia aseme vizuri, na asimumunye maneno. Akasema vizuri, huku machozi yakimtoka. Vijiti vilikuwa vinawachoma wale tetere, aliona hivyo mwenyewe. Siku chache nyuma, nikiwa kazini na ndege wakiwa wametoka, alikata kipande cha sponji karakanani, akakivisha ngozi ya rangi ya majivu, akakizungushia mshono kama wa baba yake, akapanda mapipa niliyomkataza na kukipachika ndani ya rimu.

"Nilitaka wakae vizuri," alisema. "Kama wateja wa Baba."

Tetere walirudi, wakatembea juu ya ukuta, wakakitazama kile kiti kipya, wakaruka wakaenda zao na hawakuonekana tena. Mkaguzi akangoja jioni, akijua atagombezwa. Jioni baba yake akapanda, akasogeza uso, akashuka kwa kunyata. Yupo, alimwambia. Amelala, tusipige kelele. Mtoto akadhani baba anamficha asilie. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa, mpaka akapata woga wa kuuliza.

"Na leo?" nikauliza.

"Leo kasema ndege anatutakia heri kwenye mbio."

Nilipanda mapipa mwenyewe. Ndani ya rimu kulikuwa na mto mdogo wa mviringo, umevimba vizuri katikati, mshono umekwenda kombo upande mmoja. Hapakuwa na unyoya hata mmoja. Uso wangu ulikuwa karibu nao kiasi cha kunusa gundi, na uso wa mume wangu ulikuwa pale pale muda mfupi uliopita. Nikashuka kwa kushika ukuta.

Nilikwenda mbele. "Baba Mkaguzi," nikamwita, "umemwona ndege leo?"

"Nimemwona. Mwacheni, ametulia kuliko mimi."

Alinitabasamia. Nikaona kwamba lile tabasamu halikuja kwangu, lilikwenda kwenye sikio langu la kushoto, na nikajiuliza ni tangu lini.

Ungekuwa wewe ungemwambia hapo hapo. Lakini mimi namjua mtu wangu. Neno likiwa zito, yeye ameshafika barabarani. Nilimwambia habari ya kifo cha mama yake akiwa sebuleni, nikaimalizia nikimfuata njiani. Kwa hiyo nilinyamaza nikapanda gari, maana machimbo hayako mbali na tunapita njia ya nyuma. Shemeji na Mkaguzi walitangulia na pikapu.

Katikati ya ile njia alisimama mbuzi. Nilimwona kwa mbali, mbuzi mweupe kwenye udongo mwekundu, hata mlevi angemwona. Nikafunga mdomo nikangoja mume wangu apunguze mwendo. Hakupunguza. Alikuwa anasimulia habari za daktari wa meno, kidole kinapiga usukani, na mbuzi anazidi kuwa mkubwa.

"Mbuzi," nikasema.

Breki zilikamata kabla sijafunga mdomo. Tulisimama vizuri kabisa, mbuzi akajiondokea.

"Nilikuwa nimemwona," alisema.

Hapo nikawa sina shaka tena. Jasho lilinitoka, kisha hasira ikapanda juu ya jasho. Msimu mzima mtu huyu alikuwa anaruka vilima vya kokoto na mimi pembeni yake, mama wa mtoto wake, nikisoma karatasi na kudhani namsaidia. Kumbe alikuwa hana kingine. Kila aliposema usiache kitu, alikuwa ananiomba barabara.

Kule machimboni watu walikuwa wengi kwa sababu ni siku ya mwisho. Mkaguzi alisimama nyuma ya kamba, ameshikwa bega na baba yake mdogo, ananitolea macho. Magari yakaanza kuachiwa. La muuza mbao, la mwalimu mkuu, la daktari wa meno ambalo lilirudi kwa muda mzuri, watu wakapiga makofi. Tukasogea mstarini. Tulikuwa tumevaa kofia, tumefungwa mikanda mabegani na kiunoni. Mume wangu goti lilikuwa linatetemeka kwa hamu.

Nimekwisha kusema kwamba nyumbani huwezi kumshika. Ndani ya lile gari, akiwa amefungwa mkanda, angekwenda wapi?

"Ndege hayupo," nikamwambia.

"Ndege gani tena? Shika karatasi."

"Tetere. Walishahama. Unayemwona kila jioni ni mto wa sponji, mwanao kaushona kwa mikono yake."

Goti lilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ametulia kiasi kile, na sikufurahi hata kidogo.

"Mama Mkaguzi," alisema taratibu, "tuzungumze baada ya mbio."

"Baada ya mbio nitakuwa hai?"

Msimamizi wa bendera akainua bendera yake ya njano. Injini ilikuwa inanguruma hadi kwenye meno. Nilizikunja zile karatasi, nikazikalia.

"Soma," akasema.

Nikanyamaza.

Bendera ikashuka. Akaingiza gia, gari likatikisika, mguu wake ukakanyaga na kuachia. Aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akaitafuta ile njia kwa pembe za macho, njia pana nyeupe iliyokuwa mbele ya pua yake. Nilitaka kumsomea. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni, moja kwa moja hadi kisiki, kisha kulia kali, na kuyazuia kuliniuma kooni kuliko kusoma kote kwa msimu ule.

"Nisomee, mke wangu," alisema. "Mara ya mwisho. Nakuapia."

"Mtoto wetu yuko kwenye kamba," nikamjibu. "Wewe humwoni. Mimi namwona."

Akazima injini. Aliutoa ufunguo, akaushika mkononi, akakaa.

Watu wakaanza kupiga miluzi. Msimamizi akaja mbio, akainama dirishani, bendera kwapani. "Gari lina nini?"

"Gari halina neno," mume wangu alisema.

"Basi mna nini? Saa inahesabu."

"Dereva amechoka," nikasema mimi, maana hasira ilikuwa imeshaniisha na nilichotaka ni kumfunika.

Mume wangu akafungua mkanda wake, kwanza wa bega, kisha wa kiuno. "Hapana," alisema. "Dereva haoni, bwana. Tusukumeni pembeni, wengine wapite."

Aliyesukuma zaidi alikuwa daktari wa meno.

Gari nililirudisha nyumbani mimi. Mume wangu alikaa kwenye kiti changu, kilichotengenezwa kwa mgongo wangu, kikambana mabega. Njia nzima mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu mahali ambapo hakuna breki. Akaniambia yote. Daktari wa macho alishamwambia tangu mvua za mwanzo: ugonjwa umeanzia katikati, pembeni patabaki, katikati hapatarudi. Ilikuwa kama mtu amemwekea kidole gumba mbele ya kila anachokitazama.

"Ulinipakia mimi," nikasema. "Ukijua."

"Nilikupakia kwa sababu wewe ndiye macho."

"Ungeyauliza hayo macho kama yanataka."

Tulipopita alipokuwa yule mbuzi alisema, akiangalia upande wa dirisha, "Nikikaa, nitakaa moja kwa moja. Ndicho nilichoogopa. Si kingine." Na mimi niliyemtania miaka yote kwa kutokukaa, nililia hadi ikabidi nisimamishe gari, naye akangoja bila kuniambia twende.

Kikombe kilikwenda kwa daktari wa meno. Gari liko uani chini ya turubai, na shemeji analiwasha mara moja moja betri isife. Mume wangu anashona bado, kwa vidole, na vidole vyake havijapungua kitu. Ule mto aliutoa mwenyewe kwenye rimu jioni ile ile. Aliupapasa mshono wote mpaka akafika pale ulipokwenda kombo, Mkaguzi akiwa amejibanza nyuma yangu.

"Kazi nzuri," alimwambia. "Ila mteja hakuagiza. Siku nyingine muulize kwanza."

Utulivu haukuja, nisikudanganye. Anapima uani kwa hatua, anafungua geti na kulifunga. Msimu umekwisha, ila siku za Jumapili wenzake bado wanafanya mazoezi, na upepo ukivuma kutoka machimboni tunasikia injini, na anazijua moja moja: huyo muuza mbao, huyo mwalimu mkuu, kachelewa kubadili gia. Mimi naosha vyombo kwa kelele ili zisisikike. Nimefikiria hata kuhama, na yeye amefikiria, kila mmoja kimya kimya.

Kisha tetere wakarudi. Sijui kama ni wale wale. Mkaguzi anasema ni wale wale, amewakagua. Walileta vijiti vyao vichache, wakavitupa ndani ya rimu, mmoja akakaa. Siku hizi marufuku yangu nimeiondoa. Mkaguzi ndiye anayepanda mapipa, na baba yake anasimama chini, kichwa kimeinama upande, mkono mmoja umeshika kifundo cha mguu wa mtoto asianguke.

Jioni ya jana mayai yalikuwa yameanguliwa. Nilikuwa dirishani.

"Wametoka, Baba," Mkaguzi alisema. "Wabaya sana. Hawana manyoya."

"Wangapi? Wamelala vipi? Mama yao yuko upande gani?"

"Wawili. Mama yao yuko kulia. Hapana, kushoto. Anamlisha mmoja, mwingine anapanda juu ya mwenzake."

Mume wangu akavuta ndoo iliyokuwa karibu, akaigeuza, akakaa. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga ardhi, unaachia, unakanyaga.

"Soma tena," akamwambia. "Usiache kitu."